Karatasi Isitoke Wodini Peke Yake

Mimi ni wakili, na maneno haya, kuhusu hati zinazosainiwa na mgonjwa kitandani, niliyasema mbele ya wauguzi, maafisa ustawi wa jamii na mawakili vijana hapa jijini Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Mbukwenyi!

Walioitikia salamu hii ya Kigogo ni wachache. Naona wengi humu mmeletwa na SGR.

Naanza na bibi mmoja. Jina lake halitatajwa hapa, wala hospitali aliyolazwa, kwa sababu bado ana majirani. Kijana wake alinipigia simu saa mbili asubuhi. Mama amelazwa, akasema, pesa zimeisha, tunataka atuandikie hati ya uwakilishi ili tuuze kiwanja chake cha Nkuhungu. Hati ilikuwa imeshachapwa steshenari, kurasa mbili, kwa Kiingereza kizito ambacho hata mimi nilikisoma mara mbili. "Wakili," akaniambia, "wewe gonga muhuri tu. Dole gumba mama ataliweka huko huko, nitakurudishia nakala yako."

Nikamwambia nakuja mwenyewe. Hakufurahi. Alihesabu nauli ya bajaji, akahesabu muda wangu, akauliza kama hilo ni sharti la sheria au ni la kwangu. Nikamjibu ni la sheria, tutazungumza tukikutana.

Nilimkuta bibi kwenye kitanda cha dirishani, kanula kwenye mkono wa kulia, mkono umevimba mpaka pete imezama. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri. Nikawaomba watoto watupishe. Wawili wakatoka. Wa tatu akabaki anapanga chupa ya uji kwenye kabati, anaipanga, anaipangua. Nikamsubiri. Chupa ya uji moja haina mpangilio mrefu hivyo. Alipotoka nikavuta kiti, nikamuuliza bibi: "Umeambiwa mimi nimekuja kufanya nini?"

Akaniangalia kama mtu anayeshangaa swali. "Si wewe ndiye wa ruhusa? Wamesema nikiweka dole leo, narudi nyumbani."

Wauguzi mnacheka kwa uchungu, maana mnajua. Ruhusa! Bibi wa watu alikuwa tayari kuuza kiwanja chake akidhani anasaini kutoka wodini.

Sasa msikimbilie kumhukumu yule kijana. Nimezungumza naye baadaye, hakuwa mwizi. Alikuwa amekopa mpaka kwa wenye riba, ana bili ya vipimo mkononi, na alishaona kwamba kumweleza mama habari ya kiwanja ni kuanzisha ugomvi asioweza kuumaliza pembeni ya dripu. Akachukua njia fupi. Siku ile hakuna aliyesaini kitu. Nilirudi siku ya tatu, bibi amepata nguvu, ana lake la kusema: kiwanja hakiuzwi, ila kuna vyumba vitatu vya kupangisha na kodi haijakusanywa tangu alipolazwa. Tukaandika hati fupi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, kumpa binti yake uwezo wa kukusanya kodi kwa miezi sita na kulipia matibabu. Dole la kushoto, maana la kulia lilikuwa halifai. Mambo yakaenda.

Kijana aliponiuliza kama ni sheria au ni mimi, alikuwa na haki ya kujibiwa. Wengi huamini kwamba wakili ni mtu wa ofisini, na mgonjwa asiyeweza kufika ofisini basi karatasi yake ndiyo ifunge safari. Kinyume chake ndiyo sheria. Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, haisemi popote kwamba kiapo kiliwe mezani kwa wakili. Inachotaka ni kwamba kwenye hati paandikwe mahali kiapo kilipoliwa na tarehe, na kamishna, yaani wakili anayeapisha, mwenyewe ajitaje. Mahali! Inaweza kuwa wodi namba nne, inaweza kuwa chini ya mbuyu Mpwayungu. Muhuri wa wakili una miguu. Usichokuwa nacho ni macho, na ndiyo maana hauruhusiwi kutembea bila mwenyewe.

Chukueni hati yoyote ya kiapo muisome kule chini kabisa, kile kipande ambacho watu hukiruka. Kinasema: kimeapwa hapa Dodoma na fulani, ambaye namfahamu mimi binafsi, au ametambulishwa kwangu na fulani ambaye namfahamu, leo tarehe fulani. Halafu, kwa herufi kubwa: MBELE YANGU. Wakili anayegonga muhuri juu ya dole ambalo hakuliona likiwekwa amesema uongo kwa maandishi, na ameweka jina lake chini ya uongo huo.

Mawakili vijana mnaniangalia kama mtakatifu. Sivyo. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa kiapo cha mzee mmoja kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Mwanawe nilimfahamu, saini ya mzee niliifahamu, nikaandika "hapa Dodoma" na tarehe ya siku ile, nikagonga. Upande wa pili wakaja mahakamani na karatasi ya hospitali: siku ile mzee alikuwa amelazwa Dar es Salaam. Kiapo kikatupwa, na ombi lililosimama juu ya kiapo likaanguka nacho. Mzee aliyekuwa na haki yake kamili akaanza upya kwa ajili ya uvivu wangu. Hakimu hakunifokea. Alinitazama tu juu ya miwani, na mpaka leo nikikaribia kuchoka namwona.

Kwa hiyo wakili aende. Swali linalofuata ni saa ngapi, na hapa ndipo ninapowahitaji wauguzi kuliko wanasheria.

Ndugu wa mgonjwa hunipigia jioni, saa ya kuona wagonjwa, kwa sababu ndiyo saa wanayoruhusiwa kuingia. Ni saa mbaya kuliko zote. Wodi imejaa, kila kitanda kina watu sita, redio ya simu inaimba, mgonjwa amechoka na pengine ameshapewa dawa ya maumivu. Nimewahi kufika saa kumi na nusu kwa mgonjwa aliyevunjika nyonga, mtu msomi, mstaafu, nikamkuta ananiita jina la mdogo wake. Sista wa zamu akaniambia kwa upole, "Ungeniuliza, ningekwambia uje saa nne." Saa nne raundi ya daktari imeisha, mgonjwa ameoga, amekunywa uji, na kwa mgonjwa yule dozi ya mchana ilikuwa bado. Kesho yake nilifika saa nne. Alinisahihisha herufi mbili kwenye jina la ukoo wake.

Mtu huyo huyo mmoja, kitanda kile kile, tofauti ya saa kumi na saba na nusu tu. Hati ya jana ingekuwa takataka.

Tukiwa Dodoma hatuwezi kutaja akili timamu bila mtu kutupia utani wa Mirembe, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili. Naomba tuuache, kwa sababu unatupotosha. Sheria ya Mikataba inaangalia akili ya mtu wakati ule anaposaini. Mgonjwa wa Mirembe katika kipindi ambacho yuko sawa anaweza kusaini mkataba ukasimama. Mgonjwa wa goti aliyelewa mofini hawezi, hata kama jana alikuwa mkuu wa shule. Tena kifungu cha 16 cha sheria hiyo hiyo kinamtaja mgonjwa waziwazi: ukifanya mkataba na mtu ambaye akili yake imeathiriwa na umri, ugonjwa au dhiki ya mwili au ya moyo, na mkataba ukaonekana unakupendelea wewe, sheria inaingiwa na shaka na mzigo wa kujitetea unakuangukia. Kwa sababu hiyo mkataba wa kuuza kiwanja ukiletwa kitandani mimi mara nyingi huukataa, hata mgonjwa akiwa mzima wa akili. Si kwamba hairuhusiwi. Ni kwamba miaka mitano baadaye mnunuzi atakuja kunililia.

Na katika mji huu viwanja ndiyo homa yenyewe. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, shamba la uwele la babu limegeuka mali. Wazee wanaingia wodini na mfuko wa nailoni chini ya mto, ndani yake karatasi za enzi za CDA, mamlaka ya zamani iliyokuwa ikigawa viwanja hapa, risiti, barua za mtendaji, na hawaachi mfuko ule hata wakienda kupigwa picha ya eksirei. Wanajua kwa nini. Mjue pia kwamba nyumba ya familia haiwekwi rehani wala kuuzwa kwa dole la mmoja; ridhaa ya mwenza inatakiwa, na mwenza mara nyingi ndiye yule mama aliyekaa kwenye mkeka nje ya wodi akisubiri saa ya kuingiza chakula.

Kwa daktari ninaomba kitu kidogo. Nikiwa na shaka, mgonjwa mzee sana, au familia ninayoiona tayari imegawanyika mlangoni, naomba barua fupi: nimemwona mgonjwa leo saa fulani, anajitambua, anajua alipo na anaelewa anachoulizwa. Mistari mitatu. Madaktari wengine husita, huona wanaingizwa kwenye ugomvi wa mirathi. Nawaelewa. Lakini barua ile humlinda mgonjwa kuliko saini yangu. Wauguzi nao wasilazimishwe kuwa mashahidi. Mnaombwa sana, "sista, hebu weka saini hapo chini." Kataeni kwa amani. Kazi yenu ni mgonjwa, na kesi ikija mtaacha zamu kwenda kutoa ushahidi wa mali ya watu msiowajua.

Pale kitandani penyewe mambo ni madogo madogo, na ndiyo yanayoharibu. Natembea na mfuko. Ndani kuna muhuri, kidau cha wino wa kidole, kalamu mbili, ubao wa kuandikia wenye kibano, vitambaa vya kufutia, dawa ya kutakasa mikono, glovu. Kidau cha wino hukauka msijue. Nimewahi kufika Mvumi, safari nzima ya vumbi, nafungua kidau ni kama udongo wa kichuguu. Tukaloanisha kwa maji, dole likatoka kama wingu la masika. Nikaandika siku nyingine. Siku hizi natembea na vidau viwili.

Picha. Hati ya uwakilishi hubandikwa picha za pasipoti za anayetoa uwezo na anayepewa, na hakuna mgonjwa anayelazwa na picha ya pasipoti. Mwombeni ndugu azilete kutoka nyumbani mapema, kabla hamjaniita, kwa sababu kumpiga picha mtu mwenye mpira wa oksijeni puani na kwenda kuitoa pale getini ni jambo ambalo sipendi kulifanya. Nilifanya mara moja. Mama yule aliiona picha akaomba ichanwe. Tulichana.

Kitambulisho cha taifa kiwepo, au namba yake, au kitambulisho kingine chenye picha. Na mtu wa kumtambulisha mgonjwa asiwe yule yule anayepewa uwezo. Akiwa jirani, mchungaji, shehe, mwenyekiti wa mtaa, bora zaidi, ili mradi mimi namfahamu.

Lugha, sasa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu na ya mahakama, lakini kompyuta za steshenari hazijapata habari. Bado zinatoa nakala ileile ya Kiingereza, jina la mtu wa mwanzo limefutwa, la wa pili likachomekwa, na mara moja niliona hati ambayo mgonjwa wa kiume ameandikwa "yeye mke wa marehemu". Andikeni Kiswahili. Na Kiswahili nacho si cha wote. Kuna bibi wa Chamwino ambaye Kiswahili chake kinaishia sokoni. Akianza kueleza mali yake anarudi kwenye Kigogo. Anakuja mwingine wa Kondoa na Kirangi chake, wa Chemba na Kisandawe. Mkalimani tafuteni, ila asiwe mwenye faida. Hapo ndipo wahudumu wa usafi wa wodi wamenisaidia kuliko mtu yeyote. Nikishamaliza, naandika kwenye hati: imesomwa na kufafanuliwa kwake kwa Kigogo na fulani, akaielewa, ndipo akaweka dole. Halafu namwomba mgonjwa anisimulie yeye, kwa maneno yake, nini kimeandikwa. Nikimuuliza "umeelewa?" atasema ndiyo hata kama hajaelewa, maana mimi ni mgeni na yeye amelelewa vizuri.

Lipo jambo ambalo nikilisema familia hununa kama nimewatukana. Hati ya uwakilishi inakufa na mwenyewe. Mgonjwa akifa saa sita usiku, saa sita na dakika moja hati ile ni karatasi. Huwezi kwenda nayo benki asubuhi, huwezi kuuzia ng'ombe. Na si kifo tu. Kwa sheria yetu ya mikataba, uwakala hukoma pia mwenye mali anapopoteza akili. Kwa hiyo yule anayesema "tuandike ili hata akipoteza fahamu tuendelee" anajenga juu ya mchanga. Akili ikiondoka, njia ni mahakamani. Akifa, njia ni kikao cha familia, muhtasari wa kikao, cheti cha kifo, na maombi ya msimamizi wa mirathi. Nimeona watu waaminifu kabisa wakitoa pesa benki wiki mbili baada ya mazishi kwa hati niliyoiandika mimi, wanadhani wako sawa, pesa yenyewe wamelipia jeneza. Tangu siku hiyo huwa naandika kwenye hati, kwa herufi zinazosomeka: uwezo huu utakoma mwenye mali akifariki. Na ikihusu ardhi iliyosajiliwa, hati hiyo ipelekwe kwa Msajili wa Hati. Kukaa nayo kwenye droo haisaidii.

Watu wengi wanaoita wakili kwa haraka usiku, ukiwauliza vizuri, wanachotaka ni wosia. Tena wosia hauhitaji muhuri wangu ili uwe wosia! Unahitaji mashahidi. Kwa wanaofuata mila, taratibu zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili. Asiyejua kusoma, wanne. Wa mdomo nao wanne, wakiwemo wa ukoo na wasio wa ukoo. Mke aliyepo nyumbani naye awepo. Kwa Muislamu, wosia hauvuki theluthi na hauendi kwa mrithi, hayo mwulizeni shehe, nami nitakaa kimya. Ukishaandikwa unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, jambo ambalo kwa maoni yangu ni bora kuliko kuuficha ndani ya Biblia ya shangazi. Wakili akiwepo ni vizuri, atawazuia kumfanya shahidi yule anayerithi. Ila mgonjwa asiachwe afe bila wosia eti wakili yuko Mtumba kwenye foleni.

Vingine vinavyoniitia wodini bila sababu navipitia haraka. Fomu ya ridhaa ya upasuaji ni ya daktari na mgonjwa, wakili hana nafasi. Kuthibitisha nakala za vyeti: leteni cheti halisi ofisini, mgonjwa abaki amelala. Kuongeza mtu wa kusaini kwenye akaunti: ulizeni benki kwanza, wana fomu zao, na wengine hutuma ofisa wao mpaka kitandani. Hati za kwenda nje ya nchi zina hatua zaidi baada yangu, Wizara ya Mambo ya Nje ikiwemo, msinitume saa tano usiku kwa ajili ya ndege ya asubuhi. Kiapo cha majina kutofautiana, hicho kweli kinanihusu, na ndicho kinachowakwamisha wastaafu wengi: kitambulisho kinasema hivi, faili la kazini linasema vile. Hakimu naye anaweza kukiapisha, si lazima wakili wa kulipwa.

Mtaniuliza habari ya video. Kuna aliyenipigia WhatsApp, simu imeelekezwa kwa baba yake kitandani, "wakili, si unamwona?" Nilimwona. Niliona pia mkono wa mtu umeshika kifundo cha mkono wa mzee, na mwenye mkono huo hayumo kwenye picha. Simu inaonyesha pale inapoelekezwa. Sigongi muhuri kwa video, na wenzangu wanaogonga sijui wanaandika mahali gani.

Vishoka, yaani mawakili bandia, wapo, na hospitali ni shamba lao, kwa sababu ndugu wa mgonjwa hana muda wa kuuliza maswali. Anajitokeza getini, suti, mkoba, muhuri umechongwa mtaani. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unampa mtu yeyote mwenye simu uwezo wa kuangalia kama huyo ni wakili na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Andika jina, angalia. Wakili wa kweli hatakasirika. Na mpatane bei kabla hajapanda bodaboda, nauli yake ndani, muandikiwe risiti. Asiye na uwezo asiuze mbuzi: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na afisa ustawi wa hospitali anajua pa kuwapata. Lakini kiapo chenyewe msaidizi wa kisheria hakiapishi. Atakusaidia kuandika, atakupeleka kwa hakimu au wakili wa kujitolea.

Hapo nafika kwenye ombi langu, ndilo lililonileta. Leo mgonjwa anampata wakili kwa bahati: binamu ana namba, mlinzi anamjua mtu, kibandiko kiko ukutani karibu na choo. Mimi napendekeza mlango uwe mmoja, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ndugu au mgonjwa anasema hapo. Ofisi inamuuliza muuguzi wa wodi saa inayofaa. Ofisi inampigia wakili aliye kwenye zamu wiki hiyo. Wakili anaingia akiwa ameandikwa kwenye daftari, ana kitambulisho, muuguzi anajua nani amefika kitandani na kwa nini, pazia linavutwa. Kipo kifungu kinachomzuia kamishna wa viapo kuapisha kwenye jambo ambalo yeye ndiye wakili wa mmoja wa wahusika au ana maslahi nalo, na zamu inatusaidia hapo pia: anayekuja si wakili wa kijana wala wa shangazi. Amekuja kwa aliyelala.

Nimeongea na mawakili tisa wa hapa mjini. Sita wamekubali, wawili wamesema watafikiri, mmoja ameniuliza nani analipa. Ni swali la haki, sijapata jibu zima. Kwa mwenye uwezo familia italipa kiwango kilichobandikwa ukutani, kisichobadilika kwa kuangalia aina ya gari mliyokuja nayo. Kwa asiye nao, kila wakili wa zamu afanye wawili kwa wiki bila malipo. Ikishindikana hapo tutakutana tena tugombane.

Daftari liko pale mezani karibu na maji. Ukurasa wa kushoto ni wa mawakili: jina, namba ya usajili, siku ambazo unaweza kutoka saa nne asubuhi. Saa nne, si saa kumi. Ukurasa wa kulia ni wa wodi: andikeni wodi yenu, raundi inaisha saa ngapi, dawa za maumivu hutolewa saa ngapi, na kama kuna pazia. Wodi ya wazazi, msiache nafasi yenu wazi, mna kinamama wanaohitaji kuapa habari za majina ya watoto. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari, naombeni ibaki imefungwa.